Maswali ya Wasomaji: Anguko Moja, Vicheko Vitano

SWALI: Tuko watano, tulianza darasa la kwanza pamoja na sasa wote tumevuka arobaini. Kila tukikutana lazima tuweke filamu ya vituko: watu wanajirusha, wanategeana, wanaumbuana. Tunacheka mpaka mtu anaomba isimamishwe apumue. Juzi niliirudia ileile peke yangu, nikaona upuuzi mtupu. Mbovu ni filamu au ni mimi?

JIBU: Hakuna mbovu hapo. Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kicheko, alikuta kwamba mtu hucheka takribani mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walikwenda mbele zaidi. Waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawapima uvumilivu wa maumivu, kwa mfano kwa kuwafunga kifuko kilichogandishwa mkononi. Waliokuwa wamecheka walistahimili zaidi ya waliotazama vipindi visivyochekesha. Maelezo yao ni kwamba kicheko cha pamoja huachilia endofini mwilini, yaani kemikali za mwili zinazopunguza maumivu, na hizo ndizo zinazowafanya watu wajihisi karibu.

Hayo ni ya vichekesho vyote. Filamu za vituko zina lake la ziada, na utalikamata ukichukua rimoti na kuhesabu sekunde. Anguko lenyewe ni sekunde moja, mbili. Kinachofuata ndicho kirefu: wenzake wanagaragara, mmoja kajishikiza ukutani, na picha inatikisika kwa sababu hata mshika kamera anacheka. Ondoa vicheko vyao ubakize anguko tu, na mkononi utakuwa na picha ya ajali.

Ndiyo maana Jackass, kundi la Wamarekani wanaofanya vituko hivyo mbele ya kamera, lilishika. Mizizi yake ni jarida la wacheza skeitibodi, ambako kiongozi wake, Johnny Knoxville, alijijaribia mwenyewe vifaa vya kujihami, na mwaka 2000 likaingia kwenye televisheni ya MTV. Filamu yao ya kwanza ya mwaka 2002 iligharimu kama dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 70. Hakukuwa na hadithi wala kisa cha kufuatilia. Palikuwa na marafiki tu, na mtazamaji alijiona ni mmoja wao. Iliporudi filamu ya nne mwaka 2022, Knoxville alikuwa na miaka 50 na kichwa cheupe. Aliyemtazama tangu ujana alikuwa anatazama umri wake mwenyewe ukipigwa mweleka.

Watafiti Peter McGraw na Caleb Warren waliandika mwaka 2010 kwamba jambo huchekesha pale linapovunja kanuni na papo hapo likaonekana halina madhara. Mswahili alikwisha kulipa jina: utani. Kofi la mgeni ni kesi, kofi la mtani ni salamu. Kwenye filamu za vituko, ushahidi kwamba madhara hayapo ni sauti ya rafiki anayecheka, na zaidi ya hapo, sauti ya aliyeanguka mwenyewe akiungana naye. Ulipoitazama peke yako uliikosa nusu ya ushahidi huo, yaani ile iliyokuwa imekaa kwenye kochi pembeni yako.

SWALI: Wanaumia kweli, au ni ujanja wa kamera?

JIBU: Vyote viwili, na ni vigumu kutenganisha kwa macho. Kuumia kupo. Harold Lloyd, bingwa wa filamu zisizo na sauti, alipoteza kidole gumba na cha shahada mwaka 1919 baada ya bomu lililodhaniwa la maigizo kulipuka mkononi akipigwa picha. Buster Keaton, katika filamu ya mwaka 1928, alisimama tuli ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukamwangukia, akapona kwa kuwa alisimama mahali hasa dirisha wazi lilipotua. Nafasi ya kukosea ilikuwa ya sentimita chache. Knoxville naye, kwa kupigwa na fahali katika filamu ile ya 2022, alivunjika mbavu na kifundo cha mkono, akapata mtikisiko wa ubongo na damu kuvuja kichwani. Huo haukuwa ujanja wa kamera.

Ujanja uko kwenye mambo madogo. Chupa inayovunjwa kichwani zamani ilitengenezwa kwa sukari iliyoyeyushwa, na ilibidi itumike mapema kwa sababu sukari hufyonza unyevu hewani na kulainika. Siku hizi ni plastiki maalumu, na hata hiyo ina kingo zinazokata. Anayeanguka kutoka juu mara nyingi hutua juu ya tabaka za maboksi matupu ya karatasi ngumu, yenye magodoro juu yake. Maboksi hayo hukatwa pembe ili hewa itoke. Likifungwa kote, boksi hugeuka puto na kumrusha mtu pembeni.

Halafu kuna mwendo wa polepole. Kamera ya fremu (picha moja moja) 1,000 kwa sekunde, ikionyeshwa kwa fremu 24, hugeuza sekunde moja kuwa karibu 42. Shavu linapigwa na kutikisika kama uji, na kofi la kawaida linaonekana la kuua. Mengi unayoyaona makubwa ni hayo.

Kama kuna mtu wenu aligonga kichwa kwa kuiga, asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Akitapika, akichanganyikiwa, akawa mgumu kuamka, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali moja kwa moja.

SWALI: Rafiki yetu anatimiza miaka 50. Tunataka tumwingize mkenge na kumrekodi kwa simu, bila mtu kuvunjika. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na yaliyokatazwa. Msiguse kifo, ugonjwa, kazi, ndoa, watoto, polisi wala fedha zake. Msitumie ngazi, barabara, maji ya kina, moto, wala usukani. Kilichobaki kinatosha kabisa.

Kituko kinachofaa umri huo ni kile kinachomlazimisha ajitoe mwenyewe taratibu huku mkimwangalia. Chukueni korido yenye upana wa mita 1 na mjaze urefu wa mita 3 kwa vikombe vya plastiki vya mililita 200, vyenye mdomo wa kama sentimita 7. Mkipima sentimita 10 kutoka katikati ya kikombe hadi katikati ya kingine, vinaingia 300. Kila kimoja kipate mililita 100 za maji, jumla lita 30. Nambari hizi hazikuchaguliwa ovyo. Kikombe kitupu huangushwa na upepo wa feni, na kilichojaa humwagika kinapoguswa tu. Kati ya midomo hubaki sentimita 3, unyayo haupiti, kwa hiyo hana budi kuinama na kuondoa kimoja kimoja. Mkiacha sentimita 15, atajaribu kupenya kwa ncha za vidole, na hapo ndipo mtu wa miaka 50 anapoteleza.

Pangeni mkianzia mwisho wa korido mkirudi nyuma kuelekea mlango mtakaotokea ninyi, na mimineni maji safu kwa safu mkirudi. Wanaopanga kwanza na kumimina baadaye hujikuta wamefungiwa ndani. Ondoeni waya zote za umeme sakafuni kabla ya tone la kwanza, na hakikisheni chumba alichomo kina njia nyingine ya kutokea.

Simu mbili zinatosha. Moja isimame usawa wa bega, mita 2 au 3 kutoka pale atakapotokea, na imwone mzima hadi miguuni. Ya pili iwaelekee ninyi mliojificha. Wengi huisahau, kisha wanashangaa video yao imepooza. Futeni lenzi kwa kitambaa na zimeni mawasiliano ili simu inayoingia isikate rekodi. Mkirekodi kwa ubora wa 1080 na fremu 60, tengeni megabaiti 100 hadi 200 kwa kila dakika, kutegemea simu. Anzeni dakika 5 kabla hajatoka na msizime mpaka kicheko kiishe chenyewe. Mkitaka mwendo wa polepole, chagueni korido yenye mwanga wa dirishani, au fungueni milango yote iingize jua: taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde, macho hayaoni, lakini video itameta kama disko bovu.

Kinachoharibu zaidi ni yule mwenzenu asiyejua kujizuia kucheka. Kila kundi linaye. Mwekeni chumba cha mbali na mumwite mambo yakishaanza. Na kwa pamoja kubalianeni neno moja: likitamkwa, hata na mlengwa bila kujua maana yake, mchezo umekwisha na wote mnaingia kuokota vikombe. Video aione yeye kwanza. Akisema isitoke, haitoki.

SWALI: Katika kundi letu mlengwa huwa ni mimi tu, miaka yote. Zamani nilicheka nao, sasa nachoka. Nikisema naambiwa nimekuwa mzee.

JIBU: Utani ni wa kupokezana. Watatu wakitega na mmoja akinaswa kila mara, jina lake limeshabadilika, na wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Hata filamu hizo unazozitazama hupanga zamu: anayetega leo hutegwa kesho, na mkubwa wa kundi naye hupigwa. Angalia mwenyewe.

Usiliseme mbele ya wote, maana hilo nalo watalifanya kichekesho. Mchague mmoja, yule anayesikilizwa, na umpe mifano mitatu ya karibuni: ilitokea nini, nani alirekodi, ilitumwa wapi. Malalamiko ya jumla hupuuzwa kirahisi, mifano haipuuzwi. Kisha omba mambo mawili tu: zamu ihame, na zile video zako zifutwe kwenye simu zao. Anza na hizo video. Atakayekawia kufuta ndiye unayepaswa kuzungumza naye peke yake.