Likizo ya wiki moja, mtoto wa darasa la tano

Mama, umeuliza mwanao asome nini likizo hii. Kama madaftari hataki hata kuyaona, usimrundikie masomo yote. Dakika 40 za kusoma asubuhi zatosha.

Jumatatu asimike kijiti cha sentimita 50 uani, akinyooshe wima kwa kukilinganisha na uzi unaoning'inia, uliofungwa jiwe chini; kikiinama, vipimo vyote vimeharibika. Saa tano hadi saa saba apime kivuli kila dakika 10 (avae kofia, jua la Dar unalijua). Jumanne achore grafu. Kivuli kifupi kabisa atakikuta baada ya saa sita, kwa wastani dakika 23 hivi: saa yetu inafuata longitudo 45 mashariki, Dar iko magharibi yake, 39 na ushei, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii.

Siku zilizobaki, bajeti ya sokoni na barua kwa bibi.