Kiwanja ni eka nzima, kwa nini siruhusiwi kujenga karibu na mpaka?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina kiwanja cha kama eka moja, upana mita 45 urefu mita 90, eneo la nyumba za familia moja. Nilitaka nyumba iegemee kushoto ili kulia nibaki na uwanja mkubwa, ila mchoraji kaniambia haipiti, lazima niache mita 8 kila upande, mbele 15 na nyuma 15. Mwenzangu kiwanja chake ni kama robo ya hiki na ameacha mita mbili tu pembeni. Hapa haki iko wapi? Na je naweza kuomba nipunguziwe?

JIBU: Nzuri ndugu. Hili watu wengi linawashangaza, wanadhani kiwanja kikiwa kikubwa ndo uhuru unaongezeka, kumbe ni kinyume. Nafasi ya kuacha mpakani haipangwi kwa kukuangalia wewe, inapangwa kwa daraja la eneo, yaani kundi ambalo mipango miji imeliweka eneo lenu. Kwenye viwanja vidogo wakikwambia uache mita 8 kila upande hutabaki na kitu, kwa hiyo wanashusha. Kwenye viwanja vikubwa lengo lao ni nyumba zikae mbalimbali, hewa, mwanga, moto usiruke kwa jirani, maji ya mvua yapate ardhi ya kuzama, na kama hakuna bomba la maji taka basi septiki na kisima vipate pa kukaa bila kusogeleana. Mwenzako yuko daraja lingine, ndo maana namba zake ni tofauti.

Na kuhusu haki ya mwenye ardhi, hilo limeshafika mpaka mahakamani zamani sana. Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1927, kesi ya Gorieb v. Fox, kwamba mji unaweza kukulazimisha kurudi nyuma ya mstari fulani kutoka barabarani. Pale sheria ya mji ilisema nyumba mpya irudi angalau kama zilivyorudi asilimia 60 ya nyumba zilizokuwepo kwenye mtaa huo, na mpaka leo kuna sehemu wanatumia kipimo cha namna hiyo, wanaangalia majirani wamejenga wapi. Kwa hiyo kabla ya kushika hiyo 15 ya mbele kama msahafu, ulizia kama kwenu kuna kipengele hicho, kinaweza kukusogeza mbele au kukurudisha nyuma zaidi.

Sasa piga hesabu. 45 toa 16 inabaki 29, 90 toa 30 inabaki 60, una eneo la kujengeka la mita 29 kwa 60, yaani mita za mraba 1,740 kati ya 4,050. Hapo nyumba inaenea bila shida. Wanaoumia ni wale wenye eka hiyohiyo lakini nyembamba, mfano upana 30 urefu 135, pembeni wakitoa 16 wanabaki na 14, na kikiwa cha kona ambapo sehemu nyingi barabara zote mbili zinahesabiwa kuwa ni mbele, unatoa 15 na 8 unabaki na mita 7. Mita saba! Nyumba inakuwa kama behewa la treni, na mtu alishanunua.

Halafu angalia unapimia wapi, maana hapa ndo michoro mingi inaanguka. Unapima kutoka kwenye mstari wa mpaka wa kisheria, bikoni hadi bikoni (zile alama za upimaji kwenye kona za kiwanja), sio kwenye fensi wala ukingo wa lami. Fensi inaweza kuwa imeingia kwa jirani, na kati ya lami na mpaka wako mara nyingi kuna hifadhi ya barabara ambayo sio yako hata kama nyasi unafyeka wewe. Kipimo kinakwenda kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye mpaka, kwa hiyo kama mpaka wa kushoto umekata kwa mshazari, ukuta unaweza kuwa sawa mbele ila kona ya nyuma imeingia nusu mita, na nusu mita hiyo inatosha kurudishiwa ramani. Upenu wa paa kwa kawaida unaruhusiwa kuchomoza kidogo, lakini varanda ikiezekwa inahesabiwa ni nyumba. Gereji ya kujitegemea mara nyingi ina masharti mepesi zaidi, ukiiunganisha na nyumba kwa kijia chenye paa tu, sehemu nyingi inageuka kuwa sehemu ya nyumba na inafuata mita 8 zilezile.

Kuhusu kupunguziwa, kuomba unaweza ila sikupi moyo. Wanaotoa ruhusa maalum wanataka kuona tatizo linatokana na ardhi yenyewe, mteremko mkali, mwamba, korongo, umbo la ajabu, sio kwamba unapenda uwanja uwe upande mmoja. Na eka yako ya mstatili mzuri inakuangusha, watakuuliza mbona pale katikati pamejaa nafasi. Mimi ningeuliza kitu kingine kwanza: je sheria yenu inadai mita 8 kila upande, au inadai jumla ya pande mbili? Kuna sehemu wanasema jumla 16 na hakuna upande chini ya 6. Ikiwa hivyo unasogea kushoto mpaka 6, kulia unaacha 10 au zaidi, na huhitaji ruhusa ya mtu. Hata kama ni 8 kavu bado nyumba ya upana wa mita 15 ukiisukuma kushoto mpaka kwenye mstari, kulia unabaki na mita 22, uwanja si huo hapo?

La mwisho, kama una wazo la kuja kumega hicho kiwanja baadaye, sema sasa hivi kabla msingi haujachimbwa. Mpaka mpya nao utadai nafasi zake, ukikigawa kwa upana kila kipande ni mita 22.5, toa 16 unabaki na 6.5, na bado kuna kima cha chini cha ukubwa wa kiwanja, huenda daraja lako haliruhusu kabisa vipande vidogo hivyo.