Laptopu inalala haiamki: kosa ni la RAM au la kerneli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina laptopu ya mtumba ya mwaka 2017, inaendeshwa na Debian 12, mfumo wa Linux. Kwa kerneli 6.1 (kerneli ni moyo wa mfumo, unaoendesha vifaa vyote) haikuwa na shida. Niliweka 6.6 nikitafuta waifai yenye kasi zaidi. Tangu hapo nikifunga kifuniko inalala vizuri, lakini nikifungua, kama mara moja kati ya tatu, kioo kinabaki cheusi huku feni ikizunguka, mpaka niizime kwa kitufe. Nimerudi 6.1 na tatizo limeisha. Fundi wa mtaani anasema ni RAM. Mimi nilisoma C muhula mmoja tu chuoni. Je, naweza kulisaka kosa hili mwenyewe ndani ya kerneli na kulirekebisha, au hiyo ni kazi ya wakubwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na RAM, maana huyo fundi hakukosea kuitaja, ila ameharakia hukumu. RAM mbovu haichagui toleo la kerneli. Dalili zake hurukaruka: leo kivinjari kinaanguka, kesho faili la zipu linakataa kufunguka, keshokutwa mashine inaganda ukiwa katikati ya kuandika. Ya kwako inaganda kwenye tendo lilelile, kwa toleo lilelile. Hata hivyo washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mmoja, wewe ulale. Mimi niliwahi kupoteza siku tatu nikiisaka hitilafu ya kerneli kwenye seva ya mteja, na siku ya nne nikachomoa kipande kimoja cha RAM, hitilafu ikatoweka. Siku tatu zile hakuna aliyenilipa.

Sasa nikuulize: uliporudi 6.1, uliilaza na kuiamsha mara ngapi kabla ya kusema tatizo limeisha? Kosa linalojitokeza mara moja kati ya tatu ni laghai. Ukijaribu mara moja, kuna nafasi mbili kati ya tatu kwamba mashine mbovu itaamka vizuri na wewe utaisifu. Ukijaribu mara tano bado inaweza kukudanganya mara 13 hivi katika kila 100. Mara kumi, hushuka chini ya mara 2 katika 100. Kwa hiyo kuanzia leo, kila nikisema "jaribu", maana yake ni mara kumi mfululizo. Huna haja ya kufunga na kufungua kifuniko kama mtu anayepepea jiko. Ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), andika:

for i in $(seq 10); do rtcwake -m mem -s 20; sleep 10; done

Amri hii huilaza mashine, kisha saa ya ndani huiamsha baada ya sekunde 20. Hakikisha kwanza kwamba kwa 6.6 inaganda hata kwa njia hii. Isipoganda hata baada ya raundi kadhaa, nayo ni habari: huenda kosa liko upande wa kifuniko chenyewe.

Hatua inayofuata ni kuweka kerneli mpya kuliko zote unayoweza kuipata ikiwa tayari imeshakompailiwa (msimbo umeshageuzwa kuwa programu inayowaka), na kuijaribu. Watu wengi huiruka hatua hii. Kama toleo jipya linaamka mara kumi kati ya kumi, mtu mwingine amekutangulia kulirekebisha, na kazi yako imebaki kusasisha tu. Kama bado inaganda, una kosa hai mkononi.

Vijana wengi wakifika hapa hufungua msimbo wa kerneli na kuanza kusoma. Usifanye hivyo. Ni mamilioni ya mistari, na hujui hata uko mtaa gani. Kwanza punguza eneo.

Kulala kwa kompyuta si tendo moja. Kerneli kwanza hugandisha programu zote, kisha hulaza vifaa kimoja kimoja kupitia draiva zake (programu zinazoendesha kila kifaa), kisha hukabidhi kazi kwa mfumo wa bodi, kisha huzima vichakata vyote isipokuwa kimoja, na mwisho humalizia kile kiini kilichobaki. Kuamka ni kurudi kwa njia hiyohiyo. Waandishi wa kerneli wameweka mlango wa kukuruhusu uishie njiani: faili /sys/power/pm_test, linalopokea maneno freezer, devices, platform, processors na core, kwa mpangilio huo. Ukiandika

echo devices > /sys/power/pm_test
echo mem > /sys/power/state

mashine itafika kwenye kulaza vifaa, itasubiri sekunde 5, kisha itarudi bila kulala kabisa. Rudia mara kumi, halafu panda ngazi. Ikiganda kwenye devices, mtuhumiwa ni draiva. Ikipita devices na kuganda kwenye platform, geuza macho kwenye ACPI (kanuni ambazo mfumo na bodi huelewana kwazo kuhusu umeme) na firmwea ya bodi, yaani programu iliyohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Ukimaliza rudisha neno none, la sivyo utashangaa wiki nzima kwa nini laptopu inalala sekunde tano tu.

Mimi ningebeti ni draiva. Ondoa moja moja kwa modprobe -r kabla ya kujaribu: anza na waifai, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya uhame toleo, kisha sauti, kisha kisoma kadi. Ukiondoa moja na mashine ikaamka kumi kwa kumi, umeshapunguza mamilioni ya mistari hadi saraka moja. Draiva ya kioo ndiyo ngumu kuiondoa ukiwa umeketi mbele ya kioo hichohicho, hiyo iache mwisho.

Kuna na mbinu ya pm_trace, ikiwa kerneli yako ilikompailiwa nayo. Mashine ikiganda wakati wa kuamka, RAM yote hupotea ukizima, na diski ilikuwa bado haijaamka, kwa hiyo hakuna pa kuandika ushahidi. Linus Torvalds akaona kuna kitu kimoja kisichofutika: saa ya bodi. Basi kerneli huandika alama ya kifaa cha mwisho kilichoguswa ndani ya tarehe na saa! Unazima, unawasha upya haraka kabla ya dakika tatu, na dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, inakutajia kifaa kinacholingana na alama hiyo. Saa yako itaonyesha mwaka wa ajabu. Irekebishe, usiogope.

Baada ya hapo ndipo inakuja git bisect, amri ya git (programu inayotunza historia ya msimbo), na hapa ndipo muhula wako mmoja wa C hauhusiki kabisa. Kati ya 6.1 na 6.6 kuna mabadiliko zaidi ya 70,000. Moja kati ya hayo ndilo lililokuletea kioo cheusi. Git hukupa la katikati, unalikompaili, unajaribu, unasema good au bad, nusu nzima inatupwa. Mabadiliko 70,000 huisha kwa hatua 16 au 17. Ukishajua draiva, unaweza kuibana zaidi kwa kutaja saraka, mfano:

git bisect start v6.6 v6.1 -- drivers/net/wireless/intel

Toleo bovu hutangulia, lililo zima hufuata. Saraka ya namna hiyo huwa na mabadiliko mia chache, yaani hatua 8 au 9. Hatari yake ni kwamba kama kosa liliingia nje ya saraka hiyo, utapata jibu la uongo lililovaa suti. Na tumia v6.1 na v6.6 zenyewe, usitumie matoleo ya matengenezo kama 6.1.76, kwa sababu hayo yamechipuka pembeni na yatakuzungusha.

Sasa mambo ya jikoni, ambayo miongozo mingi iliyoandikwa na watu wenye intaneti ya waya huyapitia juu juu. Historia kamili ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na git clone ikikatika katikati huanza upya. Usiichomee bando. kernel.org wanatoa faili moja liitwalo clone.bundle. Lishushe kwa wget -c, likikatika linaendelea lilipoishia, hata kama umeme umekatika mara nne. Kukompaili kerneli yenye kila kitu kwenye laptopu ya 2017 ni kukesha. Tumia make localmodconfig, ambayo huchukua draiva zilizo kazini wakati huo tu. Chomeka modemu na vifaa vyako vyote vya USB kabla ya kuiendesha, maana kisichochomekwa hakitakumbukwa. Ukinakili faili la mipangilio la Debian, ufute thamani ya CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS, la sivyo ukompailishaji utakwama ukidai cheti ambacho huna. Zima Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha kerneli isiyo na saini. make bindeb-pkg itakupa pakiti za kawaida za .deb. Za zamani uzifute kadiri unavyokwenda, /boot hujaa haraka.

Toleo likikataa kukompaili au kuwaka, sema git bisect skip. Usibahatishe. Alama moja ya good iliyowekwa kwa kuchoka hupotosha kila hatua inayofuata, ndiyo maana nimesisitiza zile mara kumi. Kila jioni hifadhi git bisect log kwenye faili.

Mwisho wa safari git itakutajia badiliko moja. Hapa nenda polepole. Bisect hukuonyesha aliyewasha kiberiti, na petroli huenda ilimwagwa na mwingine miaka nyuma. Mfano mzuri ni ule udhaifu wa usalama ndani ya kerneli ulioitwa Dirty Pipe, wenye namba CVE-2022-0847. Aprili 2021 mtunzi wa programu Max Kellermann alipokea lalamiko dogo: faili la kumbukumbu za tovuti lililobanwa kwa gzip halifunguki. Akalirekebisha kwa mkono, maisha yakaendelea. Miezi ikapita, mengine yakaharibika vilevile: kila mara ni baiti 8 za mwisho, na baiti zenyewe zilianza na herufi PK, alama ya faili la zipu. Ila programu iliyotengeneza zipu ilikuwa na ruhusa ya kusoma tu faili zile, haikuwa na ruhusa ya kuandika. Basi nani aliandika? Akatunga programu mbili fupi mno, moja ikiandika AAAAA kwenye faili, nyingine ikilipitisha faili hilo kwenye paipu (njia ya kupitishia data kati ya programu) na kutupia BBBBB ndani ya paipu. Herufi B zikaonekana ndani ya faili. Hapo kerneli ilikuwa imekamatwa mkono ukiwa ndani ya sufuria.

Kosa lilionekana 5.10 na halikuonekana 4.19. Kati yao kuna mabadiliko 185,011, na bisect ilichukua hatua 17. Ikamfikisha kwenye badiliko lililoingia na 5.8 ya Agosti 2020, ambalo lenyewe lilikuwa usafi wa msimbo tu. Kasoro halisi, kigeu cha flags kilichoachwa bila thamani ya mwanzo, ilikuwemo tangu 4.9 ya Desemba 2016, imelala bila madhara. Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya msimbo? Mstari buf->flags = 0; mahali pawili.

Kwa hiyo kuhusu kurekebisha, nakuambia wazi. Kwanza fanya git revert ya hilo badiliko juu ya toleo jipya kabisa, ujaribu mara kumi. Likiponya, una ushahidi ambao hakuna mtu atakayeupuuza. Kwa laptopu, tiba mara nyingi ni mstari mmoja unaoongezwa kwenye orodha ya mashine zenye tabia zao, ukisema modeli hii isilazwe kwa njia ile. Muhula wako unatosha kabisa kwa hilo. Lakini ukikuta ni mbio kati ya vichakata viwili, kimoja kinafungua kile ambacho kingine bado kinatumia, mwachie mwenye draiva aandike kiraka, wewe kazi yako iwe kukijaribu. Nayo ni kazi: jina lako litaingia kwenye historia ya kerneli kama mripoti na mjaribu, kwa mistari ya Reported-by na Tested-by.

Ukiandika mwenyewe, scripts/get_maintainer.pl itakuambia umtumie nani, na scripts/checkpatch.pl itakukaripia nafasi na koma kabla binadamu hajakukaripia. Weka mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za namba ya badiliko lililoharibu, na Signed-off-by yako, ambayo ni tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Barua iwe maandishi matupu, kiraka kiwe ndani ya mwili wa barua, kisibandikwe pembeni. Kiraka kimoja, tatizo moja. Wakikujibu kwa ukali, soma kilicho ndani ya ukali huo, kwa kawaida ni swali la kiufundi. Sheria ya mradi iko upande wako: kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji hakitakiwi kuvunjwa na toleo jipya.

Wikiendi hii ishia kwenye pm_test. Usishushe hiyo clone.bundle kabla ya kupata jibu la devices. Na ukiniandikia tena, niletee dmesg nzima. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu hainisaidii. Nitatafuta mstari wenye maneno "cut here" ulio wa kwanza kabisa (kerneli huuandika panapoanza taarifa ya kosa), kwa sababu inayofuata mara nyingi ni vilio vya msibani tu. Kila mtu akiuona mstari huo hukata hapohapo na kutupa kilicho juu yake. Wewe usikate.