Risiva ya mtumba: soma mgongoni kwanza

Mkuu, umeuliza ununue risiva gani, yaani mashine ya kukuza sauti na kuigawa kwa spika. Kwa bajeti yako ya laki tatu na spika tano za ohm 6 ulizonazo tayari, achana na risiva mpya zilizoandikwa "wati 3000" kwenye boksi. Namba hiyo ni porojo. Tafuta mtumba wa Yamaha, Denon au Onkyo wenye wati 70 halisi kwa chaneli, yaani kwa kila spika. Sebuleni zinatosha na kubaki.

Geuza mashine usome volti. Ya Marekani ni 120, ya Japani 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu unaiunguza hapo hapo. Ukiipenda sana, utahitaji transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti za mashine hiyo, yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma. Ni nzito na si bure, kwa hiyo ihesabu kwenye bei.

HDMI ya zamani (tundu la waya wa picha na sauti) isikutishe. King'amuzi kiingie moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti itoke TV kwenda risiva kwa waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua Dolby Digital, mfumo unaobeba sauti ya spika zote tano, si PCM. Ukiacha PCM inapita stereo tu (sauti ya spika mbili), spika za nyuma zinanyamaza, nawe unamlaumu muuzaji bure.

Dukani iwashe, subiri "tak" ya rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika, ndani ya sekunde chache. Isiposikika, au mashine ikijizima ukiongeza sauti, huenda sehemu ya kukuza sauti ina hitilafu: iache. Sauti ikikwaruza unapozungusha kinobu cha mashine ya zamani, kwa kawaida ni vumbi. Hiyo itumie kushusha bei.