Mdai wangu ni Shangazi

Swali lenu la wiki hii: mwandishi anahitaji nini hasa ili aandike? Na chini yake mmetuwekea vya kuchagua, kama mtihani: kimya, pesa, kipaji, au meza nzuri. Nimelisoma nikiwa dukani kwangu Langoni, hapa Lamu, huku punda wawili wenye mizigo ya matofali ya matumbawe wamekutana mlangoni na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Wenye punda wanatajiana ukoo. Mteja anataka fotokopi ya kitambulisho, upesi, boti ya Mokowe inaondoka. Kimya kifuteni kwenye orodha. Pesa nazo ningezifuta, lakini naogopa mtu asije akadhani nazikataa.

Mimi jibu langu halimo kwenye vile vinne. Mwandishi anahitaji mdai: mtu atakayekuja kusimama mlangoni na kuuliza, "Ile kazi yangu iko wapi?"

Nieleze ninavyoishi ndipo mnielewe. Duka langu ni la kupiga chapa na fotokopi. Nauza kalamu, bahasha na muda wa maongezi. Lakini riziki yangu kubwa ni neno "niandikie". Niandikie barua ya kuomba kazi. Niandikie ombi la basari la mwanangu. Niandikie malalamiko, jirani amesogeza ukuta. Bibi fulani anataka jina la leso, yaani kanga, maneno machache tu ya kumfikia mke mwenzake bila kumtaja, na leso isiwe na uzushi wa kupelekana kwa mzee wa mtaa. Hayo yote huwa tayari kwa wakati. Sijawahi kumwambia mteja kwamba leo msukumo haukuja. Atanicheka, kisha ataenda duka la pili.

Riwaya yangu sasa. Riwaya hiyo nimeianza miaka kumi na mmoja iliyopita. Ni hadithi ya mke wa nahodha, enzi za majahazi kupeleka boriti za mikoko Arabuni. Mume kaondoka, hakurudi, na yeye anangoja. Hadi mwaka jana ilikuwa imefika sura ya tatu. Mke anangoja, mimi nangoja, na nahodha nadhani naye alikuwa anangoja nimwambie afanye nini.

Msiseme sikujaribu. Niliposoma mahali kwamba waandishi wakubwa hujitenga, nikafunga duka siku moja nikatembea hadi Shela na daftari jipya na kalamu tatu. Nikakaa ufukweni kwenye kivuli. Nikaandika "Sura ya Nne". Nikaipigia mstari. Nikaipigia wa pili, unyooke zaidi ya wa kwanza. Niliamshwa na maji ya bahari yaliyokuwa yamepanda hadi kwenye viatu.

Mara nyingine nikaingia ngomeni, pale Mkunguni, nikajibanza ndani. Kuta za ngome ile zina unene wa kuzima hata adhana, na hadi miaka ya 1980 ilikuwa jela. Nilikaa humo asubuhi nzima kama mfungwa wa hiari. Nikawaza kwamba wafungwa wa zamani walikuwa na bahati moja iliyonipita: walijua tarehe ya kutoka.

Kilichonifungua macho ni vugo. Kwa msomaji wa bara: vugo ni ngoma ya wanawake ya harusini, wanapiga pembe na kuimba, na ndani ya nyimbo hizo ndimo kunamorushwa vijembe ambavyo mwaka mzima havikupata pa kutokea. Kulikuwa na harusi mbili wiki moja, mitaa miwili, koo mbili zisizopatana tangu kesi ya kisima. Mama mmoja akaja Jumatatu: nataka beti nane, ziume lakini zisitoe damu. Nikaandika. Jumatano akaja mama wa upande wa pili, amesikia kwamba wenzao wanatunga: nataka beti kumi za kujibu. Sikumwambia kitu. Nikaandika pia. Ijumaa yule wa kwanza akarudi, kasikia majibu yanafanyiwa mazoezi uani. Kwa hiyo kwa siku tano nilikuwa najitukana na kujijibu, kwa vina, usiku hadi saa nane, na sijawahi kuandika vizuri vile maishani mwangu. Baada ya harusi yule mama wa kwanza alinijia amenuna: "Wenzetu wana mtunzi, wewe. Umtafute ukajifunze kwake."

Nimeyafikiria sana maneno yake. Siku zile sikuwa na kimya, meza yangu ni ile ile yenye printa juu yake, na malipo yalikuwa ya kawaida. Nilikuwa na watu wawili wenye hasira wanaojua duka langu liko wapi.

Tena si jambo geni hapa. Zahidi Mgumi wa Lamu alipojibizana kwa mashairi na Muyaka wa Mombasa, enzi za vita vya Shela kati ya miji hiyo, hakuna aliyekaa kungoja msukumo. Shairi lilivuka bahari, na mji mzima unangoja jibu. Miaka ya 1970 ukaja uchaguzi, na mashairi ya Kimwondo yakawa yanasambaa kwa kaseti hapa kisiwani, upande huu unatupa na upande ule unarusha. Waliokuwapo wanasimulia kama vijana wa leo wanavyosimulia ugomvi wa wasanii wa bongo fleva. Tofauti ni kwamba wa leo wanafuta walichoandika asubuhi yake. Kaseti huwezi kuifuta ikishafika Faza, kisiwa jirani cha Pate.

Hata kazi ya upole ilikuwa na mtu wa kuipokea. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa karibu mwaka 1858, yuko mgonjwa, ameugua mwaka mzima, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumwita bintiye: sogea, kaa, njoo na wino na karatasi, nina jambo moyoni. Hakusema "enyi vizazi vijavyo". Alikuwa na binti mmoja mbele yake na roho haina muda. Na Muhamadi Kijumwa, aliyeandika hati nzuri kuliko mtu yeyote wa hapa, akichonga milango na kupiga muziki pia, alinakili miswada mingi kwa sababu kulikuwa na watu, wengine Wazungu wa ng'ambo, walioagiza na kungoja. Huyo hasa ndiye namwona kama babu wa biashara yangu. Sema yeye hakuwa na printa ya kukwama karatasi.

Sasa nifike kwa Shangazi.

Shangazi yangu ana umri wa kutosha kutoulizwa umri. Goti limemfanya asishuke ngazi tena, kwa hiyo dunia yake ni sebule ya ghorofani, dirisha moja, na runinga. Neno hilo, runinga, ni la mtu wa kwetu, marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyeungua moyo kutafutia Kiswahili maneno ya vitu vipya. Kompyuta aliipa jina la ngamizi. Runinga imeingia hadi kwenye vitabu vya shule. Ngamizi niliibandika mimi kwenye kibao cha duka, "Tunapiga chapa kwa ngamizi", na kwa mwezi mzima watoto wakipita wanachungulia kutafuta ngamia. Nikaibandua. Shangazi yeye anasema "tivii" na haombi radhi.

Kila saa moja usiku anaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Huwezi kuongea naye wakati huo. Mjukuu alianguka ngazini akaambiwa angoje tangazo. Mwaka jana tamthilia ikapumzika. Siku ya kwanza Shangazi alikaa anaitazama runinga iliyozimwa. Siku ya pili akaniita kwa Kiamu chake, "Ndoo hapa. Husemi una hadithi wewe? Nisomee."

Nikamsomea sura ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mamake huyu mwanamke yuwapi?"

Nikamwambia mama hayumo katika hadithi.

"Hayumo vipi? Mwana wake kaachwa na mume mwaka wa tatu, hapa Lamu, mamake asitie neno? Na majirani? Na wifi?"

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemweka mwanamke wa watu peke yake dirishani kama picha ya kalenda, anatazama bahari kwa huzuni ya kifasihi. Nikamtia mama usiku ule ule. Mama akaja na mdomo wake, akaja na mchumba wa pili, akaja na mawazo juu ya nyumba, na hadithi ambayo ilikuwa imelala ikainuka na kutafuta viatu.

Sura ya pili ikawa balaa zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba nahodha aling'oa nanga Januari kwenda Maskati. Shangazi akafumbua macho. "Januari?" Babake alikuwa mwanamaji. "Kaskazi yamvumia usoni, yeye aenda Arabuni? Alilisukuma jahazi kwa mgongo?" Nilijua mimi, kila mtu wa pwani anajua, kwamba kaskazi ndiyo iletayo majahazi huku na kusi ndilo liyapelekalo; nilipenda tu neno Januari lilivyosikika mwishoni mwa sentensi. Safari ikahamia kusi. Kuhamisha safari kukahamisha mimba, mimba ikahamisha harusi ya dada mtu, na Shangazi akihesabu miezi kwa vidole, mimi nikiandika pembeni ya karatasi.

Basi kila jioni akawa ananingoja. Nikichelewa anatuma mtoto dukani: "Umeambiwa, yana hukuya," yaani jana hukuja. Nilijifunza kukatiza pabaya, kama tamthilia inavyofanya: mkono umeshika komeo, basi, tutaonana kesho. Ni hila ya zamani. Yule bibi wa Alfu Lela Ulela naye aliishi kwayo, ila mdai wake alikuwa na upanga. Shangazi ana mkongojo tu, lakini ameshautumia.

Si kwamba kila mdai ana busara. Vijana wanaokaa kwenye baraza ya duka langu walisikia habari, wakataka nao kujua. Hawa wamekulia kwenye vibanda vya video, filamu za Kichina na mtangazaji wa Kiswahili anayezungumza juu yake, anawapa maaskari majina ya mtaani na kufanya wafu waombe deni lao. Nikawaambia nahodha anakufa sura ya saba. Kelele zilizotoka zilimfanya muuza kahawa asimame. "Steringi hafi!" Nikajaribu kuwaeleza kwamba si filamu. Mmoja akanijibu kwa huruma, kama mtu anayemwelimisha mgonjwa: "Kaka, akifa nani atalipiza?" Sikuwa na jibu. Nahodha bado yuko hai, nimemwacha Maskati na homa, naangalia.

Na Shangazi pia ana makosa yake. Anataka mtu apotewe na kumbukumbu. Tangu mwanzo anataka. Kila tamthilia anayoijua ina mtu aliyegongwa gari akasahau jina lake, na nimemweleza kwamba hadithi yangu haina gari, na mji wenyewe hadi leo umejaa punda. Alifikiri kidogo. "Punda hana teke?"

Nimekataa. Hadi sasa nimekataa.

Mwezi uliopita kukawa na usiku wa kiza, stima imekatika mtaa mzima, na mimi siku hiyo sikuwa nimeandika hata neno; msimu wa basari, duka lilijaa kutwa. Lakini ahadi ni deni. Nikachukua karatasi nyeupe za fotokopi kama kumi, nikapanda ngazi, nikawasha tochi ya simu nikaielekezea kwenye karatasi zile tupu, nikaanza "kusoma". Nikamtoa mke nyumbani alfajiri, nikamshusha jetini, nikampandisha mashua ya mtu asiyemjua, nikaipa mashua jina, nikampeleka Kizingitini kumtafuta aliyemwona mumewe mara ya mwisho. Yalikuja yenyewe. Nilisikia sauti yangu ikisema mambo nisiyoyajua. Shangazi kafumba macho, mkongojo mapajani.

Nilipopumua akasema, bila kufumbua, "Ukurasa huo mrefu, mwanangu. Hujaugeuza tangu isha."

Nikaugeuza. Sauti ya karatasi ilisikika vizuri sana katika kiza kile.

"Haya. Endelea."

Asubuhi nilifungua duka saa nne badala ya saa mbili, nikaandika yote kabla hayajaponyoka, wateja wanagonga mlango mimi kimya kama mwizi. Jina la mashua lilikuwa limenitoka. Ikabidi nimpigie simu. Analo, bila hata kufikiri: Subira. Kisha akaniuliza kama leo nakuja saa moja au baada ya isha, maana tamthilia inarudi Jumatatu na hataki tugongane.