Mifuko ya karatasi ya kuuzia dukani: tazama kwanza watu wananunua nini

Mkuu, umeuliza karatasi gani na gundi gani zinafaa kutengenezea mifuko ya kuuza kwa wenye maduka na magenge. Kazi hii naifanya hapa Dar tangu rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, zipigwe marufuku, 1 Juni 2019. Ushauri wangu wa kwanza: kabla hujanunua karatasi, kasimame dukani jioni utazame watu wananunua nini.

Utaona ni robo ya sukari, nusu ya mchele, maharage, unga wa chapati. Ule mfuko mkubwa wa kaki wenye mikono unapendeza, ila Mangi, mwenye duka la mtaani, hauhitaji. Anataka midogo, mingi, ya bei ya chini. Karatasi moja ya A4 ukiigandisha kwa ubavu wake mrefu, ukakunja kitako, inabeba robo ya sukari na mdomo unabaki wa kukunjia.

Tazama pia mikono ya muuzaji. Pande mbili za mdomo wa mfuko zikilingana, kuziachanisha ni tabu, basi analamba kidole au anaupuliza. Chakula cha watu hicho! Mimi upande mmoja wa mdomo nauacha uzidi mwingine kama sentimita 1. Kidole gumba kinaudaka papo hapo na mfuko unafunguka.

Kuhusu karatasi, nyuzi zake ziende wima. Chana kipande kidogo ujue: mpasuko ukinyooka, umefuata nyuzi; ukienda upogo, umezikata. Nyuzi zikiwa wima mfuko unahimili uzito vizuri zaidi na mikunjo ya ubavuni inakaa.

Gundi napika mwenyewe. Kijiko 1 cha unga wa ngano kwa vijiko 5 vya maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo mabonge yaishe, kisha mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa yanachemka, usiache kukoroga mpaka uji uwe mzito na ung'ae. Paka nyembamba. Ukipaka nyingi karatasi inajikunyata, na mende na panya wanaipenda mno, kwa hiyo mifuko isilale sakafuni. Pika ya kutosha siku hiyo tu, maana inachacha.

Mifuko ya saruji ina karatasi ngumu kweli, lakini vumbi lake haliishi hata ukikung'uta vipi. Iwe ya mkaa na misumari, kamwe isiguse unga. Magazeti nayo wino wake unahamia kwenye andazi la moto. Nayaachia vitunguu na viazi.

Mchicha uliomwagiwa maji usihangaike nao, karatasi itaachia njiani. Mwambie muuzaji ukweli huo mapema, mteja wa mboga aje na kikapu.

Kwa kuanzia mpelekee saizi za robo na nusu tu, umezifunga hamsini hamsini ili ahesabu haraka.