Nyuki hawatakuokoa: kwa wanaoanza kuunda modeli za boriti

Naletewa tena grafu zilezile: mstari mwekundu wa modeli umelala juu ya wa bluu wa vipimo vya mtikisiko, kosa dogo hata halisomeki, na mwenye grafu kashaanza kuandika hitimisho. Wadogo zangu, tuelewane.

1. Kagueni data kabla ya kuwaita nyuki, popo au chembe, yaani algoriti za kutafuta vigezo vya modeli kwa kuiga makundi ya viumbe. Boriti iliyofungwa upande mmoja, masafa yake asilia (mitikisiko kwa sekunde ikiachwa itikisike yenyewe) ya pili ni kama mara 6.27 ya yale ya kwanza, ya tatu mara 17.55. Vilele vya masafa kwenye data vikikaa kwingine kabisa, shikeni kwanza waya wa kihisi.

2. Utabiri wa hatua moja mbele (kutumia vipimo halisi vilivyopita kukisia kinachofuata tu) ni mtego, na mimi uliniuma. Modeli yangu ilikuwa ARX (hujumlisha matokeo na viingizo vilivyopita, kila kimoja kikizidishwa na kigezo chake), vigezo vimetafutwa na kundi la chembe la Kennedy na Eberhart (1995). Kosa lilikuwa dogo, nikatamba. Mwenzangu aliyekuwa akiunda kidhibiti akaiendesha peke yake, yaani ijilishe matokeo yake yenyewe badala ya vipimo. Ikapaa, mstari ukatoka nje ya skrini. Jozi ya poli (namba zinazoamua kama modeli itatulia au itapaa) ilikuwa nje ya duara la kizio, lile la nusu kipenyo 1, na huko nje modeli hupaa, nami sikuwahi hata kuzichora! Nilichukua sampuli kwa kasi mno, kila kipimo kikawa karibu sawa na kilichotangulia; hata modeli ya kurudia tu thamani iliyopita ingepata alama nzuri. Kibaya zaidi, vigezo vya ARX viko kimstari: kwa kosa la hatua moja, mbinu ya miraba midogo kabisa (least squares) hutoa jibu bora kwa mkupuo mmoja. Chembe zangu zilihangaika usiku kucha kutafuta kilichokuwa mezani. Kazi yao ni pale kosa linapopimwa modeli ikijiendesha, maana huko mabonde ya kosa ni mengi, na ni rahisi kunasa kwenye lisilo la chini kabisa.

3. Badilisheni mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya algoriti), rudieni mara 30, toeni wastani na mtawanyiko.

4. Pimeni kwa data ambayo modeli haijaiona. Mabaki nayo (kipimo ukitoa utabiri): uwiano wa kila baki na yaliyotangulia usivuke mipaka ya asilimia 95, yaani ±1.96/√N, N ikiwa idadi ya sampuli.

5. Mnyama mpya si mchango. Wolpert na Macready walishaonyesha mwaka 1997 kwamba kwa wastani wa matatizo yote hakuna algoriti inayozizidi nyingine. Juzi kijana kaniuliza ajaribu popo, kwa kuwa nyuki wameshindwa. Nikamuuliza oda ya modeli (idadi ya matokeo yaliyopita inayoyatumia) kaipataje. Kaikuta kwenye programu aliyorithi! Mwache popo alale, bwana. Anza na oda 2, ongeza mbili mbili, maana kila modi (namna moja ya boriti kutikisika) inataka poli mbili, uone kosa la kujiendesha linaacha kushuka wapi.